Mstari wa Chaki wa Bi Tapscott

Muriel Tapscott aliuza jibini katika soko la Jumanne la Haverstoke kwa miaka arobaini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemshinda kwa maneno isipokuwa mama yake, aliyemfundisha. Kizimba chake kilikuwa chini ya Msalaba wa Soko, mnara wa mawe wa katikati ya mji, mahali ambapo mtu akitoka kanisani, akitoka baa au akikimbia mvua, hana budi kupita. Bibi yake alisimama hapo. Mama wa bibi yake naye alisimama hapo, akiuza siagi na kumsema muuza bata wa jirani mpaka bata wenyewe wakaona haya. Hayo ni kwa mujibu wa Muriel, na hakuna aliye hai wa kumkanusha.

Haverstoke ni mji mdogo wenye kumbukumbu ndefu. Mfalme mmoja aliyeishiwa fedha vitani aliwauzia wenyeji haki ya kufanya soko kila Jumanne, nao tangu hapo wameing'ang'ania Jumanne yao kwa meno. Biashara ya sufu ilitajirisha watu wachache, wakajenga kanisa kubwa kuliko idadi ya wenye dhambi. Reli ilikuja, ikakaa kidogo, ikafunga virago. Benki nayo imeondoka, na jengo lake, lenye nguzo za mawe na mlango wa chuma, ndimo sasa wanamonyolewa mbwa. Lakini Jumanne ipo. Saa mbili kamili asubuhi karani wa soko husimama kwenye ngazi za Msalaba na kupiga kengele mara tatu, na kabla ya hapo huruhusiwi kuuza hata kitunguu.

Kengele hiyo ina ukali wake. Ikilia mara ya tatu, mwenye kizimba awe amesimama hapo, yeye mwenyewe au mtu wa nyumba yake. Kibarua hahesabiki, kwa sababu zamani bwana mmoja mwenye mashamba aliajiri vibarua wakamshikia soko zima. Ukikosekana Jumanne tatu mfululizo, kizimba kinarudi kwa mji na kupewa mwingine.

Muriel alikuwa na miaka sabini na minne, na nyonga yake ya kushoto ilikuwa imekwisha. Alisubiri upasuaji miezi kumi na minne, kisha barua ya hospitali ikafika: siku ipo, kupona ni wiki sita, tafadhali jibu kabla ya Ijumaa, na asiyekubali atarudishwa mwisho wa foleni. Wiki sita ni Jumanne sita. Mumewe, Ted, alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita. Mwanawe yuko Australia na hupiga simu Jumapili kuulizia hali ya hewa. Mtu wa nyumba yake alikuwa paka, na paka hatajwi katika sheria.

Tena alikuwepo anayekisubiri kizimba. Kijana mmoja mwenye ndevu za kuchanwa, jina lake Tristan, alikuwa na gari la kuuza kahawa na jina la kwanza kwenye orodha ya waombaji. Kila Jumanne alikuja kumsalimu Muriel na kumuuliza nyonga inaendeleaje. Muriel aliona adabu hiyo imezidi kiasi.

Kulia kwa Muriel palikuwa na kizimba cha Horace Lumb, muuza brashi, vibanio vya nguo, kamba za viatu na mitego ya panya. Kati yao palikuwa na vita. Miaka thelathini na mmoja iliyopita mafundi wa baraza la mji walipanga upya mawe ya uwanja, wakaupoteza msumari wa shaba uliokuwa mpaka wa vizimba viwili. Muriel alisema msumari ulikuwa karibu na jiwe lenye ufa. Horace alisema ulikuwa inchi kumi na moja zaidi, upande wa Muriel. Baraza lilipoulizwa lilijibu kwamba litaliangalia suala hilo, na bado linaliangalia.

Basi kila Jumanne, kabla ya kengele, Horace alipiga magoti, akachora mstari wa chaki pale alipodai yeye. Muriel akaja, akaufuta kwa kiatu, akachora wake inchi kumi na moja mbele. Siku nzima Horace akawa anausogelea kwa ndoo moja moja.

"Bwana Lumb, ndoo yako imevuka."

"Imeteleza, Bi Tapscott. Uwanja una mteremko."

"Mteremko wa kuja kwangu tu?"

"Ndivyo ulivyo. Mimi sikuuumba."

Saa nne kamili vita vilisimama. Horace aliwasha jiko lake dogo la gesi, akateleka birika. Muriel alitoa chupa ya maziwa. Chai ikavuka mstari upande mmoja, maziwa yakavuka upande mwingine, na hakuna aliyesema lolote kuhusu jambo hilo tangu lilipoanza. Baada ya kikombe cha mwisho, ndoo iliteleza tena.

Jumanne ile, barua ikiwa mfukoni, Muriel alikuwa akiuza huku ameushika ukingo wa meza kwa mkono mmoja. Mama mmoja alionja jibini za aina sita, akasifu zote, akaondoka bila kununua. Kwa kawaida mtu wa namna hiyo angefuatwa na maneno mpaka mlangoni kwa kinyozi wa mbwa. Muriel alimtazama tu akienda zake. Horace akainua kichwa kutoka kwenye mitego.

"Unaumwa, Bi Tapscott?"

"Nani kasema naumwa?"

"Yule mama kaondoka salama."

"Nimezeeka, Bwana Lumb. Nimekuwa mwema. Na barua ya hospitali imefika, kama ulitaka kujua, na jibu langu ni hapana. Siwezi kukaa Jumanne sita kitandani nikimwachia kizimba yule wa ndevu. Kwisha habari."

Horace aligeukia meza yake. Alipanga mitego yake upya, ingawa ilikuwa imepangika. Kisha akasema anakwenda mara moja ofisi ya mji kuulizia turubai, akaenda, akakaa saa nzima, akarudi bila turubai.

Jumatano yake Muriel aliona kupitia dirishani Philippa Gedge, karani wa soko, akija na bahasha chini ya mkono, na nyuma yake Horace Lumb akitembea kama mtu anayepita tu njia hiyo. Hakuna mtu anayepita njia hiyo, maana haina pa kutokea.

"Samahani sana kukusumbua, Bi Tapscott," alisema Philippa alipokaa. "Jana jioni nzima nilikuwa nasoma Kitabu cha Soko, kile cha sheria za kale."

"Pole, mwanangu. Si una mchumba wewe?"

"Ninaye. Alikuwa ananishikia taa. Sasa sikiliza. Hapa panasema mtu wa nyumba ni yule ambaye maji yake huchemka katika chombo kimoja na ya mwenye kizimba, kila siku ya soko, kwa mwaka mzima na siku moja. Hakitaji ndoa wala damu. Ni chombo cha kuchemshia tu."

Muriel alimgeukia Horace. Horace alikuwa akimkagua paka kwa makini mno.

"Ile ni chai tu," Muriel alisema.

"Kwa muda gani?" aliuliza Philippa.

"Thelathini na mmoja," Horace alijibu, bado akimwangalia paka. "Ilianza Machi. Kulikuwa na theluji."

"Basi imetosha na kubaki. Bwana Lumb anaweza kukusimamia kwa kengele, kizimba hakipotei." Philippa akakohoa kidogo. "Lipo jambo moja dogo. Watu wa nyumba moja hawawi na vizimba viwili. Vinaandikwa kimoja kwa majina yenu wote, na mpaka uliokuwa kati unafutwa. Daima. Huwezi kuurudisha baadaye."

Muriel alipiga meza kiasi kwamba paka alikimbia.

"Ahaa! Kumbe! Miaka thelathini na mmoja mzee huyu kashindwa kuninyang'anya inchi kumi na moja, leo anazichukua zote kwa birika la chai!"

"Na mimi si natoa changu chote?" Horace naye akapandisha sauti. "Mbona hilo hulisemi?"

"Chako kina nini? Mitego ya panya!"

"Panya wanafuata jibini ya nani?"

"Tokeni!" alisema Muriel. "Wewe Philippa baki umalize chai. Huyu atoke."

Horace alitoka. Philippa alikunywa chai yake haraka, akaacha mezani karatasi ya kuunganisha vizimba pamoja na kalamu, akaomba samahani mara tatu, naye akaenda.

Muriel alikaa na karatasi ile mchana kutwa. Kisu cha daktari hakikumtisha. Kilichomtisha ni kurudi na mguu mzima asiwe na pa kuusimamisha. Na sasa alitambua hofu nyingine, akaionea aibu. Tangu Ted afe, watu wote walimwongelesha taratibu, kwa sauti ya kumwongelesha mgonjwa: mwanawe, kasisi, yule wa ndevu. Horace Lumb peke yake ndiye aliyemwambia kwamba ni mwongo. Mstari ukifutwa, watakuwa wazee wawili kwenye kizimba kimoja, wakiulizana hali. Alihisi upweke mkali, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi alilia, kidogo, akimlaumu paka.

Alhamisi alitia saini. Aliipeleka mwenyewe, akichechemea, akampa Philippa, kisha akapiga simu hospitali.

Horace hakuja kumtazama hata siku moja. Watu wa Haverstoke hawaendi kumwona mtu akiwa amevaa nguo za kulalia, hata wawe wanamfahamu vipi. Lakini kila Jumatano ilifika kadi ya posta yenye picha ileile ya Msalaba, kwa kuwa duka lina picha hiyo tu. "Mvua. Jibini ngumu imekwisha. H. Lumb." Wiki iliyofuata: "Upepo. Jibini ya buluu haitoki. Nilikwambia. H. Lumb." Muriel alizisoma kitandani na kuzijibu kwa sauti, kila moja, mpaka muuguzi akauliza ana wageni wangapi. Alitafuta katika kila kadi neno moja kuhusu mstari. Hakuliona.

Jumanne ya saba alifika uwanjani mapema, na fimbo mkononi, manyunyu yakianguka. Alijiandaa kwa kile atakachokiona. Turubai mbili zilikuwa zimeunganishwa kuwa moja. Jibini zake zilikuwa mezani, zimepangwa na mtu aliyezoea kupanga brashi: ndefu huku, fupi kule. Akatazama chini.

Mstari ulikuwepo. Mbichi, mweupe, umenyooka, na manyunyu yalikuwa yanaanza kuula kwenye kingo.

"Bwana Lumb."

"Bi Tapscott. Umechelewa."

"Sheria imeufuta mstari huu."

"Najua. Nilikuwepo ulipopiga meza."

"Sasa huu wa nini?"

Horace aliinamisha kichwa, akatafuta kitu katika sanduku la kamba za viatu, asikipate.

"Nimeuchora kila Jumanne," alisema. "Niliona ukirudi ukakuta huna cha kugombea, utakaa nyumbani."

Muriel alisogeza fimbo kando. Aliweka kiatu kwenye jiwe lenye ufa, akapima, kisigino kwa kidole. Aliogopa jambo moja tu, kwamba Horace, kwa kumwonea huruma, amechora pale anapopataka yeye Muriel. Inchi kumi. Kumi na moja. Mstari ulikuwa palepale Horace alipodai siku zote. Hakumwachia hata upana wa ukucha. Furaha ilimpanda Muriel.

"Mwizi wewe," alisema.

"Mteremko, Bi Tapscott."

Akaufuta mstari wote kwa kiatu cha kushoto, bila kushika meza. Kisha akanyoosha mkono kuomba chaki, akakumbuka.

"Daktari kanikataza kuinama miezi mitatu. Utachora wewe. Hapa, kwenye ufa."

"Mimi? Nichore upande wako? Nijiibie mwenyewe?"

"Mtu wa nyumba yangu ni nani, paka?"

Horace alinung'unika, akalaumu magoti yake, baraza la mji na mfalme aliyeanzisha soko. Kisha akapiga magoti kwenye mawe yaliyolowa, akauchora mstari wa Muriel, polepole, inchi kumi na moja ndani ya upande wake mwenyewe.

"Jumanne ijayo naurudisha," alisema kutoka chini.

"Ole wako usipourudisha."

Muriel akatoa chupa ya maziwa kapuni, akaiweka kando ya birika. Philippa alikuwa tayari juu ya ngazi, ameinua kengele. Ikalia mara moja, mara mbili, mara ya tatu, na wenye kizimba wote wawili walikuwepo, mmoja amesimama na mmoja amepiga magoti.