Maua ya Shaba kwenye Njia Panda ya Naviundu

Simu ya maandishi iliyonitoa Dar es Salaam ilikuwa fupi na haikuwa na hata salamu: "NJOO NA KALAMU ZAKO. BARABARA INAANZA. NGOIE."

Ngoie ni mchunguzi wa mambo ya kale huko Lubumbashi, nchini Zaire. Tulikutana Lusaka kwenye mafunzo, tukagombania kitanda cha dirishani wiki nzima, na tangu hapo tumekuwa ndugu. Mimi si mchimbaji. Mimi ni mchoraji: wenzangu wakifukua kitu, mimi hukichora kilivyo kabla mvua, mbuzi au wakubwa hawajakiharibu. Nilijua Ngoie asingenipotezea hela ya simu kwa mzaha.

Habari yenyewe niliipata kwa watu waliotoka huko. Serikali ilikuwa inataka kuipanua njia panda ya Naviundu, pembezoni mwa mji, mahali ambapo malori ya madini yaligongana mpaka watu wakazoea. Ngoie alikuwa amesumbua ofisi moja baada ya nyingine hadi akaruhusiwa kuichunguza ardhi ile kabla ya katapila kuingia. Hakuna aliyewahi kusikilizwa hivyo mjini pale. Alikuwa anatafuta jambo moja tu, ushahidi kwamba watu wa kale waliyeyusha shaba hapo hapo, kwa maana mji mzima uliamini kwamba shaba ilianza na kampuni ya wazungu. Asipoupata, barabara itapita, na siku nyingine akibisha hodi kwa mhandisi atafungiwa mlango. Nikaomba likizo, nikafunga kalamu zangu kwenye kanga mbili, nikapanda treni ya TAZARA.

Kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi sina malalamiko makubwa, ila jirani yangu alisafiri na kapu la dagaa na mimi nikafika nikinuka dagaa. Zambia nilibadilisha treni, kisha nikaomba nafasi kwenye lori la unga hadi mpakani.

Sakania ni mji mdogo wa mpakani wenye reli, maduka machache na baridi ambayo hakuna aliyenionya. Afisa wa mpaka, kijana aliyevaa abakosti, suti yao isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri, aliziangalia kalamu zangu moja moja.

"Citoyenne, unakuya kufanya nini mu Zaire?" Citoyenne ni raia wa kike; ndivyo wanavyoitana huko.

"Kuchora."

"Kuchora nini?"

"Udongo."

Alicheka mpaka akamwita mwenzake aje asikie. "Udongo! Ku kwenu haiko udongo?" Lakini muhuri aligonga, na akaniombea kiti cha dirishani kwenye treni ya Lubumbashi. Namshukuru mpaka leo, maana nilihitaji dirisha: harufu ya dagaa ilikuwa haijaniacha.

Lubumbashi inajitangaza kabla hujafika. Kwanza unaliona bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, kisha mlima mweusi ulio pembeni yake. Nilidhani ni mlima wa Mungu. Kumbe ni mavi ya shaba tu, takataka ya tanuri, iliyomwagwa hapo miaka yote mpaka ikawa mlima. Ngoie alinipokea stesheni, amekonda, macho mekundu. Nilipomkumbatia alisema, "Yaya Rehema, unafika muzuri. Lakini Lundi katapila inakuya." Yaya ni dada mkubwa, na Lundi ndiyo Jumatatu yao. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Naviundu nililala kwa Mama Zaina, mjane wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka Maniema. Huuza unga wa mihogo pale pale njia panda. Alinipa blanketi mbili na sahani ya bukari, ugali wao, iliyojaa mpaka ukingoni.

"Kula, mwanangu. Baridi ya huku inaogopaka tumbo ya kushiba."

Kwa maneno hayo tu nilimpenda, na nikala sahani nzima.

Ijumaa asubuhi Ngoie alinionyesha kazi. Vijana wake walikuwa wamechimba mashimo ya majaribio kandokando ya njia zote nne, na yote yalikuwa yametoa udongo mwekundu, mizizi na chupa za bia. Ngoie alinieleza kwamba wachunguzi wa huku wana mbinu yao. Kuna ua dogo la zambarau linalopenda ardhi yenye shaba, ardhi ambayo majani mengine na miti huikimbia. Mahali watu wa kale walipoyeyushia, udongo umelewa shaba, na mvua zikiisha ua hilo hujaa pale kama limepandwa. Ukiliona, chimba.

"Nimelitafuta hapa tangu mvua ilipoisha," alisema. "Haiko hata moja."

Mahali pamoja tu hawakuchimba. Ni uwanja mtupu kwenye kona, usio na jani, ambapo Mama Zaina na wenzake huanika mihogo. Ngoie alikuwa ameomba kwa adabu zote, akakataliwa.

"Nani alisema mi nitaondosha mihogo?" Mama Zaina alijibu hata nilipojaribu mimi. "Serikali iko na bulongo yote ya Zaire. Itafute pengine." Bulongo kwao ni ardhi.

Jioni alikuja mhandisi wa barabara, Citoyen Ilunga, mtu mrefu mwenye haraka. Aliyatazama mashimo, akamtazama Ngoie, akasema kwa upole ulioumiza kuliko matusi, "Écoutez, sikia, citoyenne. Nilikupa nafasi. Hakuna kitu hapa." Baba yake Ngoie, Papa Kabange, aliyekuwa amemletea chai kwenye chupa, alijibu badala yake. Mzee huyu alistaafu kiwandani baada ya kusimama mbele ya tanuri maisha yake yote, na wao huiita shaba mukuba, husema njo kwa ndio, na paka yao ni 'tu', si mnyama.

"Nilimuambia huyu mutoto. Mukuba ni wazungu njo balitufundisha. Mbele yabo tulikuwa paka na jembe."

Niliona jinsi neno lile lilivyomchoma binti yake. Mimi mwenyewe nilikasirika, nikataka kumjibu, ila chai yake ilikuwa tamu na nilikuwa nimeshakunywa vikombe viwili.

Jumamosi ni siku ya salongo. Hiyo ni kazi ya umma: kila raia lazima atoke na jembe asafishe mtaa wake, na hakuna cha mgeni wala cha mchoraji. Mama Zaina alinipa jembe, akanipanga kwenye kona yake. Mihogo ilikuwa imeanuliwa na kutiwa kwenye magunia siku hiyo, na hapo ndipo nikaona uwanja haukuwa mtupu kabisa. Pembeni na kati ya mawe kulikuwa na vimche vidogo vimechipua, vya kimo cha kidole, vyenye vichwa vya zambarau. Vilinikumbusha rehani ya mama yangu Tanga. Nikavilima kama wenzangu, nikavitupa kwenye lundo linalosubiri kuchomwa. Nililima kwa bidii pia, nisije nikaaibisha Tanzania.

Nilichoka kabla ya wote. Nikiwa nimeegemea jembe nikamuuliza Mama Zaina, "Mama, kwa nini mnaanika hapa na si pale penye nyasi laini?"

"Juu majani haimeaka hapa. Tangu nilikuya bibi harusi, hapa iko paka vile. Mihogo inakauka mbio, haishike uchafu."

"Na haya maua?"

"Ile? Ile inamea, lakini kila salongo tunailima yote, tunachoma. Tukiiacha, chef wa mutaa atasema tuko bavivu." Chef ndiye mkuu wa mtaa.

Ngoie alikuwa analima upande wa pili wa barabara. Sikumwita kwa sababu ya akili, naomba niseme ukweli: ua lake la zambarau nilikuwa sijalikumbuka. Nilimwita kwa sababu nilitaka anipokee jembe. Alivuka barabara akifuta jasho, akaliona lundo la magugu miguuni pangu, akasimama. Akainama, akachukua kimche kimoja, akakisugua vidoleni, akakinusa. Halafu akapiga yowe ambalo nadhani walilisikia Sakania.

"Yaya! Njo yenyewe! Tunaililia siku yote na kumbe tunailima sisi benyewe!"

Watu wazima wote wa mtaa waliacha majembe. Ngoie alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, akimwonyesha kila mtu ua lile. Akamgeukia Mama Zaina akapiga magoti kabisa, kama anavyopaswa mtoto kwa mama.

"Mama, unikopeshe kona yako. Paka leo na kesho."

Mama Zaina aliuangalia uwanja, akayaangalia magunia yake, akanishika mkono. "Muchimbe. Lakini muchimbe na akili, halafu munirudishie pahali pa mihogo."

Salongo ile ikageuka kuwa uchimbaji. Vijana wa Ngoie walifukua taratibu kwa mwiko na brashi, na wanamtaa wakabeba udongo kwa karai. Chini kidogo tu ya uso wa ardhi yakatoka mavi ya shaba. Kijana mmoja akataka kuyatupa: mawe meusi ya kampuni yamemwagwa kwenye barabara zote za mji huu, nani ayaangalie? Ngoie alimshika mkono. Yale ya kampuni ni laini na yanang'aa, haya yalikuwa mazito, na yalikuwa na alama za makaa ya mti yaliyolalia ndani. Kisha tukafikia udongo wa kichuguu uliochomwa mpaka ukawa mwekundu, umejipinda duara, na mirija ya udongo ambayo watu wa kale waliipitishia upepo wa mivukuto. Ilikuwa tanuri. Ndani yake, kwenye majivu, tukakuta msalaba mdogo wa shaba, wa kijani, unaoenea kiganjani, wa aina ambayo watu wa huku waliitumia kama pesa kabla ya wazungu.

Mimi nilichora. Nilichora mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi, nikavipasha kwa pumzi, nikachora tena. Sijawahi kuwa na furaha ya kazi kama ile.

Jumapili baada ya misa Papa Kabange alikuja akiwa na suti yake ya kanisani. Hakuna aliyemwambia kitu. Alishuka shimoni taratibu, akachuchumaa, akaingiza mkono kwenye mrija mmoja, akaupima unakoelekea. Akagusa ukuta mwekundu. Akaokota jiwe jeusi, akaligeuza, na uso wake ukabadilika.

"Huyu muntu alijua kazi," alisema. "Angalia. Upepo iliingia huku, mukuba ikashuka huku. Sawa ya kwetu. Sawa sawa."

Kisha akavua kofia. Ngoie aliniambia baadaye kwamba pale kiwandani, zamu mpya ikiingia, anayeingia humwuliza anayetoka swali moja kabla ya kushika kazi. Mzee aliliuliza lile tanuri swali hilo, kwa sauti ya kazini:

"Moto iko sawa?"

Ngoie ndiye aliyejibu.

"Iko sawa, papa. Iko sawa tangu zamani."

Baba akamvuta binti yake kifuani pale pale shimoni, suti na udongo.

Jumatatu katapila lilikuja, na Citoyen Ilunga mbele yake. Nilimwekea michoro yangu juu ya boneti ya gari lake. Alishuka shimoni, akapanda, akashuka tena. Nilijiandaa kugombana naye, hata maneno nilishayapanga. Hakunipa nafasi.

"Mi nilitakaka rond-point hapa tangu mwanzo," alisema. "Malori yazunguke, yasigongane. Balikatala, balisema ni kupoteza pahali bure." Akagonga mchoro wangu kwa kidole. "Sasa niko na sababu. Tanuri itakaa katikati."

Njia panda ile ikawa mzunguko, na katikati yake tanuri likazungushiwa ukuta mfupi. Mama Zaina alimfuata mhandisi siku nzima mpaka akasawazishiwa uwanja mwingine kando ya barabara, uliomwagiwa mawe ya kampuni. Anadai mihogo inakauka huko haraka zaidi. Ndani ya ukuta ule, chef wa mtaa amepiga marufuku jembe, salongo au si salongo.

Nilipoondoka, walinisindikiza stesheni wote: Ngoie, baba yake, na Mama Zaina na kifurushi cha unga. Nilichojifunza nakisema wazi. Ushahidi tuliokuwa tunauhangaikia ulikuwa unachipua kila mwaka mbele ya watu wote, na usafi wetu wenyewe ndio uliokuwa unaufuta. Tangu safari hiyo, kabla sijapalilia kitu nauliza kwanza ni nini.

Treni ilipoanza kuondoka, bwana mmoja aliyekaa mbele yangu aliutazama ule mlima mweusi, akatikisa kichwa, akasema, "Ah, wazungu! Bila bo, nani angejua mukuba hapa?"

Nikafungua kanga, nikatoa michoro yangu. Nilibishana naye hadi Sakania, na nilimshinda.