Jino Chini ya Ulimi

Mwezi jana nilikwenda kijijini kwetu Sironga kwa mazishi, nikapita palipokuwa na nyumba ya nyanya, mama yake baba. Nyumba haipo tena, chai imepandwa hadi pale palipokuwa mlango. Lakini jiwe lake la kusagia nililikuta limeegemezwa kwenye banda la kuku. Nililigusa kwa kidole, msomaji wangu, na mate yakanikauka. Mwanamke wa umri wangu, kuogopa jiwe.

Acha nikueleze. Miaka ya sitini ilipokuwa ikiisha nilikuwa darasa la sita, na mama alikuwa akipeleka ndizi kwenye soko la kule chini, upande wa ziwa. Wakati wa likizo alinichukua nimsaidie kubeba. Nyuma ya soko kulikuwa na korongo, na kila mvua iliponyesha udongo ulimomonyoka ukaacha vitu nje: meno, vipande vya gamba la kobe, konokono waliogeuka mawe. Mwalimu wetu wa sayansi ndiye aliyetufundisha kuvitambua. Aliviita visukuku, akasema ni mabaki ya wanyama waliokufa kabla hajazaliwa mtu yeyote. Alikuwa na kioo cha kukuzia, na ukimletea kitu kizuri alikuachia ukitazame hadi kengele ilie.

Nilinogewa. Nilivisafisha kwa mwiba wa mchungwa na mswaki wa baba uliochakaa, polepole, maana mwalimu alikuwa akituambia, "Usikwaruze, bembeleza." Nyumbani ndugu zangu wangevimaliza kwa manati, kwa hiyo nilivificha kwa nyanya, kwenye mkebe wa kakao, darini juu ya jiko alikoweka mbegu za wimbi. Nyanya alijua, na alinitania tu, eti wenzangu wanaokota kuni mimi naokota kokoto.

Kosa langu lilikuwa neno moja. Siku moja mtoni nilijigamba kwa binti wa jirani. Kwa Kiswahili cha darasani ni visukuku, lakini katika lugha yetu sikuwa na neno hilo, nikasema mifupa. "Iko mingi," nikamwambia. "Iko kwa nyanya, darini."

Kama wewe ni wa kwetu, umeshashtuka. Mwenye mifupa darini alikuwa na jina moja tu, mchawi, na nyakati zile mchawi aliweza kuchomwa ndani ya nyumba yake. Nililijua hilo vizuri, lakini akilini mwangu mifupa yangu ilikuwa mambo ya shule. Wiki iliyofuata mtoto mchanga wa jirani huyohuyo akafa kwa homa.

Sabato, tukitoka kanisani, nilimsikia jirani nyuma yangu akiwaambia wanaume wa ukoo, "Mjukuu wake mwenyewe amesema. Iko darini." Wakakubaliana kupita kwa nyanya wakishakula. Nilikata katikati ya mahindi mbio, viatu mkononi, nikiwa na hakika kwamba nimemuua nyanya yangu.

Nilimweleza yote. Hakunigombeza. Alibandika maji jikoni, akashusha mkebe, akaumwaga juu ya jiwe la kusagia, akasema, "Saga." Maishani mwake hakuwahi kusaga siku ya Sabato. Nilisaga kobe, nikasaga konokono, vitu nilivyovibembeleza mwaka mzima, huku nikilia. Vumbi alilichota akalitupa kwenye majivu, kisha tukasaga wimbi juu ya jiwe lilelile ili lirudie rangi yake. Jino moja la mamba lilikataa kuvunjika. Sauti za watu zilikuwa zimeshafika uani. Nililitia mdomoni, chini ya ulimi.

Walikuwa watatu. Walisalimu kwa heshima kubwa, na heshima hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

"Mama, unasaga Sabato?"

"Niliishiwa unga. Mungu ataniuliza mwenyewe."

Mmoja alipanda darini, akapekua kila kikapu, akashuka na mkebe mtupu. Mwingine akaniinamia. "Msichana, wewe ndiye uliyesema kuna mifupa humu?" Nilitikisa kichwa. Ningefungua mdomo, jino lingeangukia miguuni pake.

Nyanya akawapa uji. Mkubwa wao alitafuna kidogo, akatazama ndani ya kikombe. "Unga wako una mchanga, mama."

"Mikono imezeeka. Siku hizi nasaga hadi jiwe lenyewe."

Alicheka, nao wakacheka, wakaaga. Nilipolitoa lile jino, lilikuwa na damu.

Hatukulizungumzia tena hadi alipokufa kwa uzee, kitandani mwake. Sikurudi korongoni, na mwalimu alihamishwa kabla sijapata ujasiri wa kumweleza. Mwaka uliofuata, ng'ambo ya mto, mama mwingine mzee alichomewa nyumba akiwa ndani. Yeye hakuwa na mjukuu wa kukimbia kumwonya.

Jino ninalo. Wajukuu wangu hunisumbua niwaonyeshe, nami huliosha na kuliweka kiganjani, walitazame. Wakiniuliza ni nini, bado huwaambia ni jiwe.