Turufu za Babu Zéphyrin

Mimi ndiye niliyeanza, nisizunguke. Watu wa kanisa letu la Waswahili hapa Mansfield, Texas, wakisimulia habari za Babu Zéphyrin huanza na zile karata, au na mimba ya Esperance iliyotoka. Uongo. Zilianza na mdomo wangu, mimi Everline, wanayeniita Mama Abigail, nesi mwenye vyeti viwili na akili ya kuku siku ile.

Babu alikuwa na miaka sabini na nne. Ujana wake ulipita jikoni, kwenye misheni moja karibu na Uvira, akimpikia padri Mfaransa. Vyombo vikishaoshwa, padri alimwita mezani pamoja na walimu wawili, wakacheza tarot. Karata sabini na nane. Padri alipoondoka Kongo alimwachia zile karata, za zamani, zilizokuwa za babu yake mwenyewe. Vita vilipokuja, Babu alivuka ziwa nazo zikiwa zimefungwa kwenye nailoni. Akakaa kambini Tanzania karibu miaka ishirini, na mkewe akafia huko.

Tania, binti wa mwanawe Lévi na mkewe Esperance, alizaliwa kambini. Esperance alipougua baada ya kujifungua, Babu ndiye aliyembeba mtoto mgongoni kwa kitenge, watu wakimcheka. Hakujali. Na hapa Texas, baba yuko ghalani, mama yuko kwenye nyumba ya wazee anawaogesha wazungu, nani alimpeleka Tania kwenye basi la shule? Babu. Hata nywele alimsuka. Vibaya, haki ya Mungu, mistari imepinda yote, lakini alimsuka. "Mimi sina kazi nyingine duniani," aliwahi kuniambia. "Ni huyu tu."

Sasa mimba ya Esperance ikatoka, miezi mitano. Kamati ya akina mama, ambayo mimi ndiye mwenyekiti wake, ikaenda kumpa pole. Tukawakuta Babu na Tania mezani wanacheza. Nikaona karata moja ina mifupa ya mtu inafyeka vichwa kwa mundu. Nyingine ina mtu amening'inizwa mguu juu. Nyingine ina shetani kabisa, na mabawa yake. Tania ndiye aliyemshika shetani, anacheka, ati amemla Babu.

"Babu, hizi ni nini?" nikauliza.

"Tarot, mama. Mchezo tu. Hiyo ya mifupa ni turufu ya kumi na tatu. Inaliwa na ya kumi na nne."

Nikatoa simu. Yeye neno hilo alilijua kwa Kifaransa, mezani kwa padri. Mimi Mkenya, kichwa changu chote ni cha Kiingereza, nika-Google kwa Kiingereza. Ikaja ramli tupu: mishumaa, wanawake wa kucha ndefu, kutabiri kifo. Ningetafuta kwa Kifaransa ningekutana na sheria za mchezo na wazee wamekaa mkahawani wanagombana. Lakini nani alikuwa na subira? Nikawazungushia kina mama simu. Esperance alikuwa amejilaza kwenye kochi, akanyoosha mkono, akaangalia. Kisha akashika tumbo lake. Nikajua nimefanya kitu.

Jumapili Mchungaji Ushindi akamweka Babu mbele ya wazee wa kanisa. Babu alijitetea vizuri kuliko wakili. Padri alikuwa amemweleza kila kitu: karata hizi zilianzia Italia, yapata miaka mia sita iliyopita, wakubwa wakizichezea tu nyumbani mwao. Ikapita zaidi ya miaka mia tatu. Ndipo watu fulani kule Paris wakazua kwamba ni kitabu cha siri kutoka Misri ya kale, na wengine wakaanza kuzipigia ramli.

"Uchawi ulibandikwa baadaye," alisema. "Mimi nilifundishwa kuhesabu pointi."

"Na shetani?" mchungaji akauliza.

"Ni namba kumi na tano."

Watu wakaguna. Mchungaji akasema akiri, zichomwe, aombewe, yaishe. Babu akakataa. Wiki tano akakataa. Esperance akapiga marufuku asile meza moja na Tania, na mtoto akawa anapelekwa basini na jirani.

Wiki ya tatu, nikiwa mapumziko kazini, nikasoma vizuri, safari hii maneno, si picha. Kila alichosema yule mzee kilikuwa kweli. Italia, kweli. Paris, kweli. Hata hiyo Misri ya kubuni. Na mimba? Daktari alikuwa ameshamwambia Esperance kwamba shingo ya kizazi ni dhaifu. Mimi mwenyewe nilimtafsiria! Nikanyamaza. Ningewaambia nini kina mama, kwamba mwenyekiti amekurupuka? Nikajidanganya kwamba watachoka wenyewe. Najichukia nikikumbuka.

Mwishowe Lévi akamwendea baba yake. "Papa, kiri tu. Ni maneno. Esperance atatulia, na wewe utarudi kumpeleka mtoto shule."

Kwa ajili ya hilo tu, Babu akakubali.

Akasimama mbele ya kanisa akasema ni mchawi, na mimba aliila yeye. Ala! Watu waliruka kwa vigelegele. Karata zikachomwa nyuma ya kanisa, kwenye jiko letu la nyama choma. Baadaye akamnyooshea Tania mkono waende kwenye gari. Mtoto akajificha nyuma ya mama yake, akapiga kelele kwa Kiingereza kwamba asimguse. Alikuwa amekaa safu ya mbele, amesikia yote.

Na Esperance akasema mchawi aliyejitaja kwa kinywa chake halali nyumba moja na mtoto. Nani angembishia? Lévi akamtafutia chumba kwa binamu yake Missouri City, kule Houston. Kumpeleka hakuweza, akaniomba mimi. Siku ya kuondoka Lévi alijifungia bafuni mpaka gari likatoka.

Tulipokaribia mji wa Corsicana, njiani, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia nilisoma, na kwamba kila neno lake lilikuwa kweli.

"Ulisoma lini?"

"Wiki mbili kabla hujakiri."

Akanigeukia. "Mama Abigail. Siku ile nasema nimekula mtoto, Tania ananisikia, wewe umekaa pale unajua?"

"Ndiyo, Babu."

Niliposimama kuweka mafuta, alishuka na mfuko wake wa nguo, akafungua mlango wa nyuma, akaketi kule. Nikamwomba radhi, nikamwomba tena, na akabaki kule nyuma mpaka Missouri City.