Maji ya Tumboni mwa Mama

Utotoni kwetu, Kasanda, mwenye nyumba hakukupa kibuyu cha pombe ya ndizi kabla hajapiga funda moja mbele yako. Haikuwa adabu tu. Alikuwa anakuonyesha kwamba hakukuwekea kitu, yaani sumu. Sisi watoto tuliiga hata kwa maji ya kisimani: mmoja anaonja, mwingine anapokea, tunaangua kicheko.

Mama yangu alikuwa na rafiki, Mama Domitila, aliyekimbia Burundi na watoto wake akajenga kibanda ng'ambo ya migomba yetu. Jamani, walipendana wale! Walilima pamoja na kucheka pamoja mpaka Bibi anaguna. Bibi huyu, mama yake baba, ndiye aliyeshika nyumba, maana baba alikuwa mkongeni, Tanga. Siku moja wametoka kulima, Mama Domitila akampa mama kibuyu, mara mtoto wake akaanguka uani akapiga yowe, naye akatoka mbio bila kuonja. Mama akanywa. Angefanyaje, na kiu ile ya jembe?

Miezi ikapita. Mama akakonda mashavu na mikono, huku tumbo linajaa. Kwanza wanawake walimtania kuwa ni mimba, na utani wenyewe ulikuwa na miiba, kwa kuwa baba hakuwa ameonekana siku nyingi. Kisha ngozi ya tumbo ikavutika ikang'aa, na utani ukaisha.

Bibi akawaza akirudi nyuma, akafika kwenye kibuyu. "Alipewa," akasema. Neno hilo moja kwetu lilitosha. Kisimani wanawake wakawa wanaondoa mitungi yao Mama Domitila akifika. Mganga akaleta dawa ya kutapisha, mama akatapika mpaka akashindwa kukaa, na tumbo liko palepale. "Mwacheni yule mwanamke, hakunifanya kitu," alinong'ona. Wakasema ndivyo sumu ilivyo, humfanya mtu amtetee aliyempa.

Mganga aliporudi na chungu kingine, mama alikisukuma kikamwagika. "Nipelekeni hospitali Kibondo, au niacheni nife na akili zangu."

Wanaume wakambeba kwa kipoyi, machela yetu ya fito, hadi barabarani, tukapanda lori. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa Bibi alijua Kiha tu, nami nilikuwa na Kiswahili cha shule. Nilikuwa naogopa mno. Niliona kwamba nikikosea neno, mama atakufa.

"Mwambie daktari kalishwa sumu na yule Mrundi," Bibi akaniagiza. Nikamwambia. Daktari, mtu mpole wa pwani, hakucheka.

"Sawa, nimesikia. Sasa tuangalie na mengine."

Akagonga tumbo la mama kwa vidole, kama mtu anayegonga mtungi ajue pombe imefika wapi. Akamlaza ubavu, akagonga tena. "Ni maji," akasema. Akavuta kope za mama, macho hayakuwa ya manjano. Akasikiliza moyo, akabonyeza miguu, haikuwa imevimba. Akachemsha mkojo ndani ya kichupa juu ya moto wa spiriti, ukabaki safi. Akasema moyo na figo havina kosa. Ndipo akachoma sindano nene ubavuni, maji yakaanza kuchuruzika kwenye ndoo.

Bibi akaja akainamia ile ndoo. Kwetu walisema aliyepewa kitu huwa na chura tumboni. Alitazama, akaitikisa ndoo, akatazama tena. Maji yalikuwa ya manjano hafifu, hayana chura wala kitu kingine.

"Jioni anapata homa? Usiku anatoka jasho?" daktari akauliza.

"Yeee! Kajuaje?" Bibi akashangaa.

"Maziwa mnakunywa?"

Bibi akainua kidevu. "Tuna ng'ombe sisi."

"Mnayachemsha?"

Nilipolitafsiri hilo, Bibi alinitazama kama nimemtukana. Kwetu ukichemsha maziwa, ng'ombe anakauka kiwele. Yeye mwenyewe ndiye aliyekamua kila asubuhi, na kikombe cha kwanza, chenye povu na joto la kiweleni, alimpa mama, kwa sababu alimpenda mkwe wake huyu kuliko binti zake.

"Nadhani ni kifua kikuu kilichoingia tumboni," daktari akasema taratibu. "Labda kililetwa na maziwa, labda na mtu aliyekohoa karibu yake. Hapo siwezi kuapa. Tutampa dawa. Tumbo likipungua, tutajua tumepatia."

Nilipomtafsiria, Bibi akaitazama mikono yake. Alikwenda kukaa ukutani, mikono mapajani, hakula siku hiyo. Mama akaanza sindano za kila asubuhi na vidonge vikubwa vya kumkaba koo. Tukasubiri. Asubuhi moja akasema kanga yake inamdondoka kiunoni, halafu akaomba ugali wa muhogo, na Bibi akalia mbele ya wodi nzima.

Sisi tulirudi kwanza, mama akabaki na matibabu. Siku aliyokuja, wanawake walijaa uani kwetu tayari kwa vigelegele. Mama akatupita sote, akakatiza migombani moja kwa moja. Nikamkimbilia. Mama Domitila alikuwa mlangoni kwake.

"Usiingie," alimwambia. "Watasema."

Mama akaingia. Niliwasikia wanalia, na baadaye wakacheka kicheko kilekile cha zamani.

Bibi hakuomba radhi, watu wa rika lake hawakujua inaombwaje. Ila juma hilohilo aliswaga mtamba mwekundu akamfunga mlangoni kwa Mama Domitila, na kwetu ng'ombe akitoka namna hiyo, nyumba mbili zimekuwa ndugu. "Mwambie achemshe maziwa," akaniamuru kwa ukali. Mama Domitila, ambaye Kirundi chake na Kiha chetu ni chanda na pete, aliitikia kabla sijafungua mdomo.

Sasa ni bibi mimi mwenyewe. Kwa miaka nilimkasirikia Bibi kwa mateso ya yule mwanamke, na bado nakasirika kidogo. Lakini namwona pia pale ukutani, anaitazama mikono yake. Daktari hakuapa, na hakuna aliyewahi kumwambia Bibi kwa hakika kama ni ile mikono iliyompa mama ugonjwa ama la. Aliishi hivyo hadi mwisho, na hakumtaja jirani yeyote kwa sumu tena.

Mama alizeeka vizuri, akaona wajukuu. Alipofariki, aliyemwosha na kumvisha nguo za mwisho ni Mama Domitila, na hakuna aliyeuliza kwa nini yeye.