Kikombe cha Maji ya Waiswa

Weka mkono kifuani uape kwamba haya yataishia kwako. Umeapa? Vizuri. Mimi pia niliapa, na unaona mwenyewe kiapo changu kinavyokwenda. Lakini aliyeniapisha yuko kaburini Mafubira, na mama yangu, ambaye hakutakiwa kusikia, amelala kwao Mbale. Nimebaki mimi na mdomo wangu, na mdomo huu mtaa wetu mzima wa Mpumudde unaujua.

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu tulisema Kiswahili kwa sababu baba alikuwa askari. Mama alikuwa Mgisu wa Mbale, na mama mkwe wake, Jajja wetu, Msoga wa Mafubira, hapa Jinja. Bila Kiswahili wangegombana kwa mikono tu. Jajja ndiye aliyetufundisha katekisimu watoto wote wa pale, fimbo ya mpera mkononi. Kulikuwa na swali alilolipenda kuliko yote: mtoto mchanga yuko kufani, padri yuko mbali, nani anaweza kumbatiza? Tunajibu pamoja: mtu yeyote. Hata mwanamke? Hata mwanamke. Hata mlevi? Hata mlevi, ilimradi anuie lile ambalo Kanisa linanuia, amimine maji na kusema, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Mambo ya mizimu hakutaka hata kuyasikia. Jirani akimfunga mtoto hirizi, Jajja alimtangaza kutoka kisimani mpaka sokoni. Umbea wangu sikuuokota njiani.

Mama alipokaribia kujifungua alikwenda kwao Mbale. Jajja akamfuata, na mimi nikaenda kubebeshwa mizigo. Wakazaliwa pacha, wavulana. Waiswa akatangulia, Tenywa akafuata. Tenywa alilia kama mwenye kudai haki yake. Waiswa alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima.

Hazikupita siku nyingi. Mchana mmoja mvua ilikuwa inapiga bati, mama amelala kwa uchovu. Jajja alikuwa amempakata Waiswa. Akaniambia polepole, "Lete maji, kikombe."

Nikaleta kile cha bati, cha bluu. Akakishika. Akakiinua juu ya kichwa cha mtoto, asimimine. Nikadhani mwalimu wetu amesahau maneno, nikamnong'oneza mwanzo wake, "Nakubatiza..."

"Nyamaza," akasema. "Ukimbatiza mtoto nyumbani, unakionyesha kifo mlango. Huyu atabatizwa Jinja, kanisani, na kuku watachinjwa."

Hilo halikuwa katika katekisimu. Labda lilikuwa la mama yake, au la mama wa mama yake, limekaa ndani yake kimya miaka yote likingoja siku ya hofu. Akanirudishia kikombe. Mvua ilipokatika, Waiswa alikuwa ameruka. Ndivyo tunavyosema huku, maana pacha hafi, huruka.

"Hukuniletea maji," Jajja akaniambia. "Sema."

"Sikukuletea maji, Jajja."

"Apa kwa Bikira Maria."

Nikaapa.

Tulirudi Jinja na mtoto mmoja, na watu wakamwita mama Nalongo, mama wa pacha, kama desturi inavyotaka. Kila akiitwa hivyo aliinama kidogo, kama mtu aliyeguswa kwenye jipu. Kisha Tenywa akashikwa na homa. Wazee wa pande zote mbili, Wasoga na Wagisu, wakasema neno moja: pacha hupewa sawa. Mkimbatiza huyu na mwenzake hakubatizwa, mwenzake atakuja kumchukua.

Mama alikuwa ameweka kitovu kikavu cha Waiswa ndani ya kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mti. Akampigia Jajja magoti.

"Mama, nitakifunga tu kwenye shuka la Tenywa. Maji yakimwagika, yakiguse na hicho."

"Aliyekufa habatizwi, Nalongo. Ubatizo ni wa walio hai. Unataka kumfanya padri mganga?"

Akamnyang'anya. Baadaye akasema amekitupa motoni. Mama hakupika tena kwenye mafiga yale. Alihamia nje, na mvua ikinyesha tulilala na njaa.

Mpaka leo mtoto akizaliwa karibu nasi, nafika na kikombe changu cha maji. Vijana wananicheka, "Bibi huyo, amefuata chai." Wacheke. Juzi padri mmoja, kijana kabisa, aliniambia Mungu hafungwi na maji, na watoto kama Waiswa tunawakabidhi kwenye huruma yake. Nilimshukuru. Nikatamani angezaliwa mapema, akae na Jajja jioni moja tu, amwambie hivyo.

Maana Jumapili ile ya ubatizo wa Tenywa hakuna aliyemwambia. Kanisa lilijaa. Tenywa, moto bado mwilini, aliinamishwa juu ya beseni. Jajja alisimama kando yake, ameshika kitambaa cheupe cha kumfunika. Padri akamimina, kwa jina la Baba. Akamimina, na la Mwana. Alipomimina mara ya mwisho, mkono wa Jajja ukatoka chini ya kitambaa, ukajiweka chini ya kichwa cha mtoto, ukayakinga yale maji. Midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na ya padri.

Padri akamshika kifundo cha mkono. "Fungua, mama."

Watu wa nyuma walikuwa wameshapanda juu ya mabenchi. Jajja akafungua. Kilikuwa kipande cha lubugo, kimelowa chapachapa. Mama akakitambua, akatoa sauti ambayo sijui kuiigiza.

"Kumbe mwalimu mwenyewe ni mganga," mwanamke mmoja akasema, na wengine wakacheka.

"Ulikuwa unafanya nini, mama?" padri akauliza.

Jajja hakumtazama. Alinitafuta mimi katikati ya watoto mpaka akaniona, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Nimechelewa, padri," akasema.