Mbegu Inayojifunza Chumvi

Jirani yangu hapandi tena mbegu za mahindi zikiwa kavu. Tangu maji ya mgodi yafurike bondeni kwetu, nje ya Kolwezi, na kuacha ukoko mweupe wa chumvi juu ya udongo, sisi wengine tuliyatelekeza mashamba. Yeye huloweka mbegu usiku kucha katika maji ya kisima aliyoyatia chumvi kidogo, akiyaonja kama mtu anayeonja mchuzi, kisha huzianika kivulini juu ya kitenge na kuzigeuza polepole kwa vidole vyake vilivyopasuka. “Ijue munyu hapa kwanza,” husema, “isiogope kule.” Mwaka wa kwanza alizidisha chumvi, ikaota miche minne tu. Mwaka wa pili haukuota hata mmoja, na watu wakamcheka, mimi nikiwemo.

Juzi asubuhi aliniita kwa sauti iliyopasuka: “Mama Falonne, kuya uone!” Nilimkuta amepiga magoti mbele ya mistari mitatu ya kijani, akipangusa udongo kwenye jani moja kwa kidole gumba. Aliinuka, akaelekeza jembe kwenye shamba langu lililojaa magugu.

“Mbegu ya kwako nilishaka kuiloweka, iko tayari,” akasema. “Kesho tunalima.”