Mama wa Herufi Pana

Habari ya msiba ilinikuta Kiloleli, nikisubiri gari la kurudi Bariadi. Dada niliyekaa naye alisoma ujumbe kwenye simu yake, akaniambia, "Yule mama wa mabango amefariki." Sikuhitaji kuuliza ni yupi. Nanyi wasomaji wangu wa mji huu mnamjua, hata kama hamkuwahi kumpa mkono, kwa kuwa mmesoma kazi yake miaka yote: zile herufi kubwa, nene, pana, zisizo na mikia wala mapambo, zilizopimwa kwa rula na bikari hata O ikawa duara kamili.

Nilikuwapo alipopewa kazi ya ghala la pembejeo huko Sapiwi. Mwenyekiti wa wakulima alitaka maandishi ya madaha. "Mayu, yawekee vivuli na mikia kidogo, yapendeze," alimwomba, kama mtu anavyomwomba mama yake. Mama hakuinua macho kutoka kwenye mstari aliokuwa akiupiga. "Baba, humu mnaweka dawa ya pamba. Wengi watakaosoma hapa wamejifunza ukubwani, tena kwa Kiswahili, na nyumbani ni Kisukuma. Wanaokota herufi moja moja. Ukiweka mkia, watadhani ni herufi nyingine." Akaandika SUMU, herufi nne zikajaza mlango mzima. Kisha, bila kuombwa, akaandika vivyo hivyo kwenye kila dumu.

Msimu uliofuata bibi mmoja alimfuata mpaka mjini. Mtu alikuwa amempa dumu tupu lililotoka ghalani, naye akaenda nalo kisimani. Kabla ya kuteka, akayaona maandishi. "Nilisoma mwenyewe," alisema, akijipiga kifua. "Su. Mu. Wajukuu wangu walikuwa wanasubiri maji ya kunywa, mayu, nami nimesoma mwenyewe!" Yule mama, ambaye sikuwahi kumsikia akijisifu, aliweka brashi chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mashine za kuchapa mabango zilipoingia mjini, tulidhani zamu yake imekwisha. Kumbe dada mmoja mwenye duka la uchapaji alikuwa akizipiga picha herufi zake ukutani, akaziingiza kwenye kompyuta, kisha akampelekea azikague. Mama alikuwa ameshaanza kuugua. Alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu. "O yako ina njaa," alisema. "Ipanue." Dada akaipanua palepale. Leo herufi hizo ziko kwenye malango ya shule, kwenye kuta za zahanati na kwenye matangazo ya mnada wa ng'ombe mpaka Mwandoya.

Tumezoea kuamini kwamba vitu vizuri hutoka Dar es Salaam, sisi tunavipokea tu. Hiki kimetoka kwetu, na nakitaja kifua mbele. Aliyepima kazi yake kwa macho ya msomaji mnyonge kuliko wote aliwatosha wote. Tunaoandika magazetini, nao wanaoandika fomu na matangazo huko maofisini, tujifunze kwake: neno lisilosomeka kwa mtu anayelihitaji bado halijaandikwa.